Redio za meshi kati ya Choma na Kihonda: jinsi nilivyochagua vifaa

Kila anayeona kaboksi kadogo ka redio juu ya bomba nyumbani kwangu Kihonda huniuliza swali lilelile: "Fundi, ninunue bodi gani?" Nami humrudishia maswali mawili. Itakaa wapi? Na nani atakuwa anaichaji? Akishanijibu hayo, bodi karibu inajichagua yenyewe. Asipokuwa na jibu, namshauri asitoe hela bado.

Mimi ni fundi redio na simu hapa Morogoro. Kilichonisukuma kwenye mambo haya ni mjomba wangu, anayelima ndizi na mboga Choma, juu mlimani Uluguru. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumtembelea sikukuu tu. Ana neno lake katika kila jambo la nyumbani. Nyumba yake imejificha nyuma ya mgongo wa mlima. Akitaka kupiga simu hupanda mpaka mahali fulani penye mwembe ndipo mnara unashika. Na mvua kubwa ikinyesha kule juu, Mto Morogoro hujaa huku mjini, pengine sisi tuna jua kali na hatuna habari. Tuna ndugu na marafiki wanaokaa kandokando ya mto. Nilichotaka ni kimoja: mjomba aweze kutuambia "mvua kubwa huku" akiwa kitandani, bila kupanda kwenye mwembe usiku wa manane.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchini, ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii kuhusu redio zinazotuma ujumbe bila intaneti wala mnara. LoRa ni namna ya kurusha redio iliyobuniwa Ufaransa, katika kampuni ndogo ya Cycleo ya Grenoble, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Hutumia nguvu kidogo sana na kufika mbali sana, na gharama yake ni kasi. Juu ya LoRa kuna Meshtastic, programu huria iliyoanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020, inayozifanya redio hizo zipokezane ujumbe: nodi moja, yaani redio moja ya mtandao, ikisikia, inairushia nyingine, bila mnara, bila laini, bila vocha. Mtandao wa namna hiyo ndio meshi. Kwa mpangilio wake wa kawaida uitwao LongFast, kasi ni kama kilobiti 1 kwa sekunde. Hapo hakuna picha, hakuna sauti, hakuna video. Ni maandishi mafupi, mahali ulipo, na vipimo kama joto na hali ya betri. Anayetaka kutuma ujumbe wa sauti kama wa WhatsApp hapa hapamfai, na ni vizuri ajue hilo kabla hajafungua pochi.

Umbali huwachanganya wengi. Rekodi iliyoandikwa na Meshtastic kati ya nodi mbili zilizo ardhini ni kilomita 331. Inawezekana, lakini ni kati ya sehemu zilizoinuka zinazoonana wazi. Ndani ya nyumba za mjini, kati ya kuta za tofali na mapaa ya bati, redio ileile inaweza kupotea baada ya mitaa michache. Mawimbi ya megahezi 868 yanataka kuonana. Mlima ukiwa katikati, hakuna bodi ya bei yoyote itakayoupenya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kutembea. Nilichukua nodi mbili za bei nafuu, moja nikaiweka juu ya paa Kihonda, nyingine nikapanda nayo Choma mfukoni. Programu ya simu huonyesha kila ujumbe umeingia na nguvu gani ikilinganishwa na kelele ya hewani. Namba hiyo ikiwa chini ya sifuri usishtuke. LongFast husomeka hata ishara ikiwa chini ya kelele kwa desibeli 17 hivi. Nilipokuwa kwenye mgongo wa mlima, mahali unapouona mji wote mpaka Mindu, namba zilikuwa nzuri mno. Nikateremka upande wa pili kuelekea kwa mjomba, hatua chache tu baada ya ukingo, kimya. Safari ile ndiyo iliyochora mtandao mzima: nodi moja kwa mjomba, moja kwenye mgongo wa mlima inayoona pande zote mbili, na zangu za mjini. Sikuhitaji kusoma mapitio ya mtu yeyote kujua ni vifaa vya aina gani nitafute.

Hizo mbili za majaribio zilikuwa Heltec V3. Ni bodi ndogo yenye kioo cha inchi 0.96, chipu ya ESP32-S3 na redio ya SX1262, na kwa anayeanza naipenda kwa dhati. Bei yake ni ya chini, ina waifai na bluututhi, na kuiwekea Meshtastic ni kuchomeka waya wa USB kwenye kompyuta, kufungua ukurasa wa kuwekea programu kwa Chrome, na kubonyeza. Nunua mbili, si moja. Nodi moja peke yake haikufundishi kitu. Itakaa inaongea na hewa. Mbili zinakupa jibu, na jibu ndilo linalokuonyesha kama antena imekaa sawa au kuna ukuta unaokuzuia.

Ila ESP32 inakula umeme. Mezani penye chaja haina shida. Kwenye mgongo wa mlima, ambako mtu atafika kwa nadra, ni habari nyingine. Pale nilihitaji chipu ya nRF52840, ambayo kwa kazi hii hutumia umeme mdogo mara kadhaa kuliko ESP32. Betri moja ambayo Heltec huimaliza kwa siku moja hivi, bodi ya nRF huenda nayo siku kadhaa, na kwa sababu hiyo paneli ndogo tu inatosha kuibeba hata wakati wa masika mawingu yanapokaa Uluguru wiki nzima. Nikachagua RAK4631 kwenye bodi yake ya msingi ya RAK19007. Ina sehemu ya betri na sehemu ya sola, na kuiwekea programu ni kuburuta faili tu kama unavyoweka nyimbo kwenye fleshi. Tahadhari moja kwa mafundi wenzangu: sehemu ile ya sola inataka volti 5. Paneli nyingi madukani kwetu ni za kuchaji betri ya volti 12, na zikiwa juani bila mzigo hutoa volti 20 hivi. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua bodi.

Kwa mjomba ndipo nilipofikiri zaidi. Watu wengi wanaoandika kuhusu meshi huchukulia kwamba kila mtu ana simu janja yenye chaji. Mjomba ana kitochi, na hukichaji kwa sola ndogo ya taa. Nodi ya kuunganishwa na simu kwa bluututhi isingemsaidia chochote. T-Deck ya LilyGO ina kioo kikubwa na vitufe vya herufi, inavutia kweli, lakini ni ESP32 yenye kioo kinachowaka. Ingemlazimu kuichaji kila mara. Mwisho nikamchukulia Wio Tracker L1 Pro ya Seeed: chipu ya nRF52840, kioo kidogo, kijiti cha kusukuma juu na chini, kengele ndogo, na betri yake iko ndani ya kasha.

Nilipompelekea aliipindua mkononi akaitazama vizuri.

"Shikamoo mjomba. Hii ndiyo ile redio."

"Marahaba, mpwa wangu. Nayo inakula vocha?"

"Haili vocha, mjomba. Inataka chaji tu."

"Na haya maandishi ya sisimizi nitayasoma na macho ya nani?"

Hapo ndipo jumbe zilizoandikwa tayari zilipookoa kazi. Meshtastic inakuruhusu kuhifadhi ndani ya kifaa sentensi fupi ambazo mtu huzichagua kwa kijiti na kuzituma. Orodha yote haitakiwi kuzidi herufi 200, ukitenganisha kila ujumbe kwa mstari wima, kwa hiyo kila neno lina thamani. Sikumwandikia mimi. Tulikaa kwenye kibaraza, yeye anasema, mimi naandika: "Mvua kubwa huku." "Mto unapanda." "Mzigo umeshuka na boda." "Nipigie." "Salama." Akataka "Mvua kubwa huku" iwe ya kwanza kabisa, ili hata gizani asihitaji kusoma: afungue orodha, abonyeze, basi. Kengele humlilia ujumbe ukiingia, na mjukuu wake humsomea. Kifaa kimekuwa cha nyumba nzima, na ndivyo nilivyotaka.

Kuna vifaa vingine nimevishika dukani kwangu na vina nafasi yao. T1000-E ya Seeed ni bapa kama kadi, haiingii maji kirahisi, ina GPS, na nawapendekezea wanaotembea, waendesha boda na waongoza wageni mlimani. Lakini huchajiwa kwa waya wake maalumu wa sumaku, na waya huo ukipotea kijijini hakuna duka litakalokusaidia. T-Beam ya LilyGO ina GPS na kishikio mgongoni cha betri ya mviringo ya aina ya 18650, hivyo unaweza kubeba betri ya akiba. Ukiinunua hakikisha ni yenye redio ya SX1262 badala ya ile ya zamani ya SX1276. GPS yenyewe usiilipie kwa nodi isiyotembea. Nodi ya paa unaiandikia mahali ilipo mara moja, imetosha.

Sasa antena, ambayo ndiyo ningependa watu waipe heshima kuliko bodi. Hela ya ziada ukiipata, iende kwenye antena na bomba la kuiinulia. Antena nyingi zinazokuja bure ndani ya boksi ni dhaifu, na baadhi hazikukatwa kwa masafa yaliyoandikwa juu yake. Robo ya wimbi la megahezi 868 ni sentimita 8.6 hivi, la 433 ni sentimita 17. Ukiwa na kipimo kidogo cha NanoVNA unaiona antena inaitikia wapi hasa, na mimi naona kila mtaa wenye watu watatu wa meshi ungekuwa na kimoja cha kuazimana. Angalia pia vichwa: SMA na RP-SMA vinafanana na vinafungana vizuri kabisa kwa skrubu, lakini katikati hakuna pini inayogusa. Na kile kichwa kidogo cha kubonyeza kwenye bodi kimetengenezwa kwa kuchomekwa mara chache; kifunge kwa utulivu, kisha ukiache. Usiiwashe redio kamwe bila antena, kwa sababu nguvu inayokosa pa kutokea inarudi ndani na inaweza kuchoma kikuza mawimbi.

Watu huuliza dBi nyingi, kipimo cha jinsi antena inavyoelekeza mawimbi, kana kwamba ni nguvu inayoongezwa. Antena haiongezi nguvu, inaigawanya upya. Chukua donge la unga ulisukume chapati: linatanuka pembeni, linapungua unene. Antena ya dBi 10 inatupa mawimbi mbali kuelekea upeo wa macho, lakini tabaka lake ni jembamba. Uwanda wa Dodoma ingependeza. Mlimani ni kinyume. Chukua nodi iliyo mita 800 juu ya mji na nyumba iliyo kilomita 5 chini yake. Kutoka juu unaitazama nyumba hiyo kwa digrii 9 kwenda chini, na tabaka la dBi 10 halishuki hivyo, linapita juu ya mapaa na kwenda zake. Kwa mgongo wa Choma niliweka antena fupi ya dBi 3 hivi, nene kwa tabaka, na mji wote unaisikia. Huku Kihonda, ninakotazama mlima kwa mbali, dBi 5 inafaa.

Kebo nayo inakula kimyakimya. Ile nyembamba ya RG58 hupoteza karibu nusu desibeli kila mita kwenye masafa haya. Mita 10 za kuteremka kutoka kwenye bomba mpaka sebuleni ni desibeli 5, maana yake theluthi mbili za nguvu zimeishia ndani ya waya, na redio hizi zina miliwati 158 tu za kuanzia. Ndiyo maana naipandisha redio yenyewe juu, ndani ya boksi la umeme la plastiki, kebo isizidi urefu wa kiganja, halafu naongea nayo kwa bluututhi nikiwa chini. Boksi liwe la plastiki, na antena ipite juu ya kofia ya bati. Nodi iliyowekwa chini ya paa la bati imefunikwa. Tundu la kebo liwe upande wa chini wa boksi na lizibwe kwa silikoni, la sivyo sisimizi watahamia. Mjomba aliniuliza kuhusu radi, na alikuwa na haki. Nodi ya mlimani haina waya wowote unaoingia kwenye nyumba ya mtu, na bomba lake liko mbali na makazi.

Betri za 18650 ni uwanja wa udanganyifu. Iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo mtupu; betri nzuri za umbo hilo huwa za mAh 3000 hadi 3500, na nzima ina uzito wa gramu 45 au zaidi. Mimi huweka mizani ndogo ya dukani na kupima mbele ya muuzaji. Nyingi za bandia ni nyepesi ajabu, nyingine nimezifungua nikakuta betri ndogo na unga. Kabla ya kuchomeka betri yoyote iliyokuja na waya, pima kwa testa upande upi ni chanya. Viwanda havikukubaliana, na waya mwekundu unaweza kuingia upande wa hasi wa bodi yako.

Kuhusu masafa, anza na sheria. Hapa kwetu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndiyo inayosimamia masafa na kuidhinisha vifaa vya redio. Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Uliza kabla ya kuagiza, kwa sababu bodi huuzwa kwa bendi: iliyotengenezwa kwa 433 haigeuzwi kuwa ya 868 kwa mpangilio wa simu. Nilipoanza, kwenye orodha ya maeneo ndani ya programu Tanzania haikuwamo. Ukichagua eneo la EU_868, yaani la Ulaya, mpangilio wa LongFast unakaa kwenye megahezi 869.525, na programu inakubana usirushe zaidi ya asilimia 10 ya muda, yaani dakika 6 kwa saa. Hilo si usumbufu. Ujumbe mrefu unaweza kukaa hewani karibu sekunde 2, kisha kila nodi inayoupokeza inaikalia hewa tena, na wote mnatumia hewa hiyohiyo moja. Vifaa vyenu vyote viwe na eneo lilelile na mpangilio uleule, la sivyo havisikiani hata vikiwa meza moja.

Hapa ndipo naomba wanaoanza wawe na subira. Vijana wakifunga nodi hupenda kuipa cheo cha rauta, kwa kuwa jina linasikika kubwa. Nodi yenye cheo hicho hurudia kila kitu na hutangulia wenzake, kwa hiyo ikiwa iko chini bondeni inaziba njia ya ile iliyo juu. Kwetu ni ya mgongo wa mlima pekee yenye cheo hicho. Zote nyingine ni za kawaida, na ya mfukoni haipokezi kabisa. Idadi ya miruko, yaani mara ambazo ujumbe unaweza kupokezwa, tumeiacha ile ya kawaida, 3, ingawa mwisho ni 7. Njia yetu kutoka kwa mjomba mpaka kwangu inapokezwa mara moja tu. Programu nayo huvipa vifaa kazi ya kutangaza mahali vilipo na hali ya betri. Tumepunguza matangazo hayo ili hewa ibaki kwa maneno ya watu.

Na faragha. Chaneli ya kwanza unayoikuta ndani ya kila kifaa ina ufunguo unaojulikana na dunia nzima, kwa hiyo ichukulie kama kuongea sokoni. Tuliunda chaneli yetu yenye ufunguo wetu, tukagawana kwa mtu kukaribia na kupiga picha ya msimbo wa QR kwenye simu ya mwenzake. Kwa chaneli ya wazi, mahali pa nyumba tunapaonyesha kwa kukadiria tu. Nodi ya mlimani ikiibwa, anayeiba anaondoka na funguo zilizomo ndani yake, ndiyo maana pale sikuweka chaneli ya familia. Inapokeza jumbe zetu bila kuweza kuzisoma, na inafanya kazi hiyo vilevile.

Masika yaliyopita jumbe za mjomba ziliingia saa za ajabu, na ndugu zetu wa kando ya mto waliwahi kuinua magodoro na magunia. Nao sasa wanataka nodi zao. Kwa wawili nimewashauri Heltec ya dirishani yenye chaja ya ukutani, kwa kuwa umeme wanao na mlima wanauona. Upande wa Bigwa ndio mgumu, kuna kilima kinachouficha mgongo wa Choma. Nimepata mwenye nyumba ya ghorofa anayekubali bomba juu ya tangi lake la maji. Kutoka pale nimejaribu kwa nodi ya mfukoni na pande zote mbili zinasikika. Nimeagiza RAK nyingine, paneli ya volti 5, na safari hii mita moja tu ya kebo nzuri.